Homeopathi na wanaotafuta mtoto: mbona baba hapimwi?



Leo tuongee jambo ambalo hapa kwetu Mlowo watu wanaliongea kwa kunong'ona. Ugumba. Na hasa hawa wataalamu wa tiba mbadala wanaojiita madaktari wa homeopathi, ambao pamoja na wauza mitishamba na wauza virutubisho wamekuwa kimbilio la akina dada wanaotafuta mtoto. Likiguswa hili suala, mara nyingi ni kwa kejeli au kwa kutetea tu. Kuna wanaosema hao wote ni matapeli, wafungiwe. Kuna wanaosema hospitali zimeshindwa, waacheni watu watafute mtoto wanakojua. Mimi naona pande zote mbili zimeruka jambo moja kubwa, na ndilo nataka tulijadili.

Kwa nini nalileta sasa? Novemba 2025 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa dunia nzima kuhusu kuzuia, kupima na kutibu ugumba. Mwaka 2023 shirika hilo hilo lilisema karibu mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hukutana na tatizo hili katika maisha yake. Mtu 1 kati ya 6 jamani! Hiyo ni mitaa yetu yote, kuanzia hapa Mlowo mpaka Vwawa na Tunduma. Na sisi Watanzania Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Kwa hiyo huu ndiyo muda wa kuuliza: dada asiyeshika mimba anakwenda wapi, anapewa nini, na anapoteza nini?

Kwanza tuelewane homeopathi ni kitu gani, maana watu wanaichanganya na mitishamba. Mitishamba ni mizizi, magome na majani. Ndani yake kuna kemikali za kweli, zinazoweza kusaidia na zinazoweza kuumiza. Homeopathi ni mambo mengine kabisa. Ilianzishwa Ujerumani na daktari anaitwa Samuel Hahnemann, aliyeitangaza mwaka 1796. Na chanzo chake kinatuhusu sisi watu wa malaria. Mwaka 1790 Hahnemann alimeza gome la mti wa kwinini akiwa mzima, akajisikia dalili kama za homa. Akahitimisha kwamba kinachomletea mtu mzima dalili fulani ndicho kinachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Hapo ndipo msingi wao ulipo: kinachofanana huponya kinachofanana. Baadaye akaongeza msingi wa pili, kwamba dawa ukiichuja kwa maji mara nyingi na kuitikisa, ndiyo inazidi kuwa na nguvu.

Afrika Mashariki si wageni wa jambo hili. Nairobi ipo taasisi ya Abha Light ambayo inafundisha na kutibu kwa homeopathi. Kwetu, mwaka 2008 Jeremy Sherr, mtaalamu wa homeopathi kutoka nje, alianzisha mradi Moshi, Kilimanjaro, wa kuwapa dawa hizo watu wenye VVU. Kelele zikawa nyingi kwenye mitandao ya huko Ulaya. Agosti 2009 WHO ikatamka kwamba haipendekezi homeopathi kwa VVU, kifua kikuu, malaria, mafua wala kuhara kwa watoto wachanga. Ugumba haukuwemo kwenye orodha ile. Na kwa kweli ukitazama mijadala yetu, ugumba huwa haumo kwenye orodha yoyote. Mtu hafi kwa ugumba, basi inaonekana inaweza kusubiri.

Sasa tuangalie wanavyomtibu mwanamke. Hapa lazima niwe mkweli, maana kuna kitu wanafanya vizuri.

Dada akifika, mtaalamu wa homeopathi aliyesomea kazi yake hamwandikii dawa haraka haraka. Anakaa naye saa nzima, wakati mwingine zaidi. Anamuuliza hedhi inakujaje, nyingi au kidogo, rangi gani, maumivu yako wapi. Anamuuliza anapenda kula chumvi au vitamu, anasikia joto au baridi, analala kwa upande gani, anaota nini. Halafu anaingia moyoni: una hasira za haraka? Unalia mbele za watu au unajificha? Ulishawahi kufiwa na mtu ukakaa nalo rohoni? Mumeo unamuonaje siku hizi?

Kisha anatafuta dawa inayofanana na huyo mtu, maana wao wanasema hawatibu ugonjwa, wanatibu mtu mzima mzima. Mwanamke aliyechoka, mwenye hasira, ambaye hata mume na watoto wa ndugu hawamvutii tena, anayesikia kama kizazi kinavuta kwenda chini, atapewa Sepia. Sepia inatokana na wino wa dome, yule kiumbe wa baharini ndugu yake ngisi. Mpole, mwenye machozi ya karibu, anayependa kubembelezwa, ambaye hedhi yake haina mpangilio, atapewa Pulsatilla, ambayo ni ua la Ulaya. Yule mwenye huzuni ya zamani aliyoificha, asiyetaka kuhurumiwa na anayependa sana chumvi, atapewa Natrum muriaticum. Hiyo ya mwisho jina ni kubwa, lakini ni chumvi hii hii ya kupikia. Nyingine zinatokana na gamba la chaza au sumu ya nyoka. Zote zinakuja kwenye tuvidonge tweupe twa sukari au kwenye matone.

Sasa niambieni ukweli. Dada wa hapa kwetu aliyeolewa miaka minne hana mtoto, nani mwingine aliwahi kumuuliza hayo maswali? Mama mkwe anamuuliza "mbona kimya?" Mawifi wanasema pembeni kwamba kaka yao anapoteza muda. Wenzake waliofunga ndoa mwaka mmoja naye wanaitwa Mama Fulani, yeye bado anaitwa kwa jina lake la shule. Akienda hospitali anakuta foleni, anaingia chumba chenye watu wawili watatu, anaulizwa kwa sauti "umewahi kutoa mimba?" huku mlango uko wazi, anatoka na karatasi ya vipimo asivyoelewa. Dakika tano. Halafu akitokea mtu wa kumsikiliza saa nzima, unashangaa akimwamini? Mimi sishangai. Yule dada hajakosa akili, amekosa msikilizaji. Tukianza na hilo tutamuelewa.

Lakini kusikilizwa ni kitu kimoja, na kidonge ni kitu kingine. Tukifungue hicho kidonge.

Mimi nimeishia kidato cha nne, lakini kemia ya kidato cha tatu inatosha hapa. Dawa yao ya kawaida inaandikwa 30C. Maana yake wanachukua tone 1 la dawa wanaweka kwenye matone 99 ya maji au spiriti, wanatikisa. Hiyo ni 1C. Wanachukua tone 1 la hapo wanaweka kwenye matone mengine 99. Hiyo ni 2C. Wanarudia mpaka mara 30. Ukipiga hesabu, dawa imegawanywa kwa 1 yenye sifuri 60 nyuma yake. Sasa wale mliosoma moli mnakumbuka namba ya Avogadro, 6.02 mara 10 kwa kipeo cha 23. Hata ukianza na moli 1 nzima ya dawa, ukifika mzunguko wa 12 umeshapita hiyo namba. Kwa hiyo kwenye 30C hutegemei kukuta hata molekuli moja ya wino wa dome. Unakunywa sukari.

Wenyewe wanajua hilo, tusiwasingizie. Jibu lao ni kwamba maji yana kumbukumbu ya kile kilichopita ndani yake. Sawa, tuache nadharia tuangalie matokeo. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia, NHMRC, lilipitia tafiti 176 zilizohusu matatizo 61 ya afya. Halikukuta hata tatizo moja ambalo kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathi inalitibu. Uingereza mwaka 2017 huduma yao ya afya ya taifa iliwaambia madaktari waache kuziandika. Ufaransa, ambako zilipendwa kuliko sehemu nyingi, serikali iliacha kuzilipia kuanzia Januari 2021. Kwa ugumba, tafiti wanazozitaja wenyewe, kama ile ya Heidelberg, Ujerumani, miaka ya 1990, ni za kundi dogo la wanawake, huwezi kujengea nyumba juu yake.

Hapo najua kuna mdau atanijibu: "Dogo acha hizo, mke wa jirani yangu alitumia akapata mimba." Nakubali kabisa kwamba alipata. Tatizo ni hesabu. Kwa takwimu ambazo madaktari wa Uingereza wanazitumia, ukichukua wenza 100 wanaokutana mara kwa mara bila kinga, kama 84 watapata mimba ndani ya mwaka 1. Wanabaki 16. Mwaka wa pili unapoisha waliopata wamefika 92. Yaani katika wale 16 waliokuwa wanalia, 8 wamepata katika mwaka wa pili hivi hivi, bila dawa yoyote.

Sasa fikiria mtu anaanza kutafuta dawa lini. Si mwezi wa kwanza wa ndoa. Anaanza pale mwaka umepita, presha za ukweni zimepanda. Yaani anaanza wakati ule ule ambapo nusu ya walio kama yeye watapata tu. Mpe uji, mpe chumvi ya 30C, mpe maji ya kisima, nusu watakuja na mtoto mgongoni na kutoa ushuhuda. Hao wanapigwa picha. Waliokosa hawarudi kutoa ushuhuda, wanaenda kwa mtaalamu mwingine.

Tumezungumzia wale nane waliopata. Makala yangu ni kwa ajili ya wale nane waliobaki, maana hao ndio wenye ugonjwa, na hao ndio wanaoumia.

Huo ugonjwa ni nini? Mwaka 1985 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa WHO uliolinganisha ugumba wa Afrika na wa sehemu nyingine za dunia. Kilichoitofautisha Afrika ni mirija ya uzazi iliyoziba kwa sababu ya maambukizi. Kisonono na klamidia ambazo hazikutibiwa, au zilitibiwa upande mmoja tu, mke akapewa dawa na mume akagoma. Mimba zilizotolewa vichochoroni. Uchafu uliobaki baada ya kujifungua, ndiyo maana unakuta mama ana mtoto 1 wa kwanza halafu kimya. Mrija ukishaziba kwa kovu, yai na mbegu hazikutani. Hapo hata umuulize dada maswali ya ndoto zake miezi sita, kovu haliondoki kwa kusikilizwa.

Na sasa nafika kwenye lile jambo nililosema wote wanaliruka. Mume.

Katika karibu nusu ya wenza wasiopata mtoto, upande wa mwanaume una tatizo, peke yake au pamoja na la mke. Mbegu chache, mbegu zisizotembea, au hakuna kabisa. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu zake zote, ndevu zake, na hela zake za kahawa msimu ukiwa mzuri, na bado mbegu hana. Huwezi kujua kwa kumtazama. Na kipimo chake ndicho chepesi kuliko vyote vya ugumba: anakaa siku 2 mpaka 7 bila tendo la ndoa, anatoa mbegu kwenye kikopo, maabara inahesabu na kuangalia zinavyotembea na umbo lake. Basi. Hakuna sindano, hakuna kupasuliwa.

Lakini angalia nani anatembea kutafuta dawa. Mke. Angalia tangazo lolote la tiba mbadala la uzazi, limemlenga nani? Mke. Kusafisha kizazi, kurekebisha homoni, kuondoa uvimbe, vyote vya mke. Homeopathi inajisifu kwamba inatazama mtu mzima, mwili na roho, lakini mtoto anatengenezwa na watu wawili. Umemtazama nusu tu! Wapo wataalamu wao wanaosema mume naye aje, na hao nawapongeza. Ila kuja kuhojiwa unapenda joto au baridi si sawa na mbegu kuhesabiwa.

Na hapa ndipo ninapoona madhara yake. Wanasema "haina madhara, ni sukari tu." Tuchukue mfano. Dada ana miaka 33, ameolewa miaka mitatu. Anaanza Sepia, anaambiwa avumilie miezi sita. Haikukubali, anabadilishiwa Pulsatilla, miezi sita mingine. Anatoka hapo anaenda kwenye mitishamba mwaka mzima. Amefika 35. Mayai ya mwanamke yanapungua kila mwaka na baada ya 35 yanapungua kwa kasi, ndiyo maana madaktari wanasema chini ya 35 subiri miezi 12 ndiyo upime, ukiwa umefika 35 au zaidi usizidishe miezi 6. Miaka miwili imeondoka na hakuna hata karatasi moja inayosema mirija iko wazi au imeziba, au mbegu za mume zipo au hazipo. Kidonge hakikumuumiza. Muda ndiyo umemuumiza. Na mwisho wa yote ukweni wanaleta mke mwingine, naye hashiki mimba, ndipo mtaa unaanza kujiuliza kimoyomoyo. Mke wa kwanza ameshaitwa tasa na amesharudi kwao.

Sasa serikali iko wapi? Sheria ipo tangu zamani. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliunda Baraza la kusajili watoa tiba hizi. Kwenye halmashauri kuna waratibu wa tiba asili na tiba mbadala. Mwishoni mwa 2015, Dk. Hamisi Kigwangalla akiwa naibu waziri wa afya, wizara ilizuia matangazo ya tiba hizi kwenye redio na televisheni, na tiba za uzazi za akina mama zilikuwa katikati ya sakata lile. Kukawa na kishindo, magazeti yakauza. Lakini kishindo kilihusu matangazo na leseni. Na cheti cha usajili ni ruhusa ya kufanya kazi, hakithibitishi kwamba dawa inaleta mtoto. Watu wetu wakiona cheti ukutani wanadhani serikali imeshajaribu dawa ikakuta inafanya kazi.

Mimi sisemi wafungiwe. Ukiwafungia leo, kesho wapo kwenye simu, na yule dada bado hana wa kumsikiliza. Napendekeza mambo matatu.

Moja, Baraza liweke sharti: mtoa tiba yeyote aliyesajiliwa asianze kumtibu mtu ugumba bila kuona majibu ya vipimo vya wenza WOTE WAWILI. Hana majibu, ampeleke kwanza akapime. Anayeamini dawa yake hana cha kuogopa hapo.

Mbili, hospitali ziige kitu kimoja kwa hawa watu wa homeopathi: muda na siri. Hata siku moja kwa wiki, kliniki ya wenza, mlango umefungwa, mke na mume wanaingia pamoja, wanaelezwa kwa Kiswahili kila kipimo kinatafuta nini. Hilo halihitaji mashine ya mabilioni.

Tatu, bima. Tunapozungumzia bima kwa wote, wabunge wetu wa Songwe wapaze sauti kuhusu vipimo vya msingi vya ugumba kwa mke na mume. Upandikizaji wa mimba upo Dar es Salaam, unakula mamilioni, mkulima wa Mbozi hafiki huko. Lakini kisonono kutibiwa mapema kwa wote wawili, mbegu kupimwa, hivyo ni vya hapa hapa.

Na wewe dada, au wewe kaka unayesoma ukiwa kwenye hali hii, naomba nikuambie kama mdogo wako. Anzeni wawili, siku moja. Mume apime mbegu, wote mpime magonjwa ya zinaa na mtibiwe wote. Mke afanyiwe ultrasaundi na apimwe homoni, halafu daktari akiona haja, kipimo cha mirija, kile cha kuingiza dawa maalumu kupitia mlango wa kizazi na kupiga eksirei. Anzeni hospitali ya rufaa ya mkoa pale Vwawa, wakiona inazidi uwezo watawapa rufaa ya Mbeya. Msiweke chochote ukeni kwa jina la kusafisha kizazi, kinaweza kuwaletea maambukizi yale yale yanayoziba mirija. Na baada ya kupima, mkitaka kwenda kuongea na mtu wa homeopathi kwa sababu anawasikiliza, nendeni, ila karatasi za majibu mkiwa nazo mkononi na dawa za hospitali msiache.

Akina baba wenzangu, maana na mimi naelekea huko, kile kikopo cha maabara kisitutishe hivi. Mke wako amechomwa sindano, amekunywa machungu, amesemwa na dada zako miaka mitatu. Wewe unaombwa dakika kumi tu.

Mnaonaje wadau? Hasa akina mama mliopitia haya, semeni, hata bila majina. Na kama kuna mtaalamu wa homeopathi anasoma hapa, karibu ujibu hoja, hatugombani: wagonjwa wako wangapi wa ugumba, waume zao wamepimwa?

Naomba kuwasilisha.